Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Desemba 14, 2024

Ndugu mlezi, wajumbe wa kamati tendaji, wanachama wenzangu wa chama cha kusaidiana cha watumishi, habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mei Mosi tuliandamana na fulana mpya, bonanza lilichezwa (wahadhiri wakafungwa tena na utawala), wagonjwa walitembelewa, misiba ilihudumiwa. Makusanyo hadi mwisho wa Novemba ni shilingi 17,940,000. Matumizi yote, kapu la sikukuu likiwemo, ni 15,310,000, salio 2,630,000. Mchanganuo anao mweka hazina.

Sasa niingie kwenye lile lililofanya simu yangu isipoe wiki nzima, yaani kapu. Kamati iliamua kwamba mchele kilo 10, mafuta lita 3 na sukari kilo 2 atapewa mwanachama asiyedaiwa zaidi ya miezi miwili. Wamepata 145, wamekosa 67. Nimeitwa majina. Wapo waliosema mwenyekiti anawanyima watoto wa watu Krismasi. Ndugu zangu, kapu moja limegharimu 48,000. Tungewapa na hao 67, zingehitajika 3,216,000, na salio mmelisikia. Tungefunga mwaka na deni, halafu msiba ukitokea Januari, wakati kila mzazi anahangaika na ada na sare, rambirambi itoke wapi? Wanaodaiwa kwa pamoja wanadaiwa 5,380,000, na wengine hawajalipa tangu Machi. Mchango ni 10,000 kwa mwezi, na lipa namba imebandikwa kila ubao wa matangazo.

Wanaosema uamuzi ulifanywa gizani wasome muhtasari wa kikao cha Oktoba. Tangazo lilitoka mapema. Na kwa kuwa wapo waliohoji hata bei ya vitu vya kapu, nieleze: ni mimi niliyekwenda soko la Majengo kubishana na muuza jumla hadi akashusha, na mzigo umekuja kwa gari langu bila chama kunilipa mafuta. Sitafuti sifa, ila katibu aandike.

La pili ni mahudhurio. Mkutano huu tuliuitisha Jumamosi ya tarehe 7. Akidi ni 71, wakaja 38. Najua Jumatatu yake ilikuwa Sikukuu ya Uhuru, na najua tangu treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa, ianze safari za Dodoma mwaka huu mtu anatoka ofisini Ijumaa alasiri na usiku anakula Dar es Salaam. Treni ni jambo jema. Lakini hao hao waliokuwa Dar ndio waliotuma ujumbe mrefu kuuliza kwa nini hawakushirikishwa. Leo tumeitishwa mara ya pili na katiba inaruhusu tuendelee na waliopo, kwa hiyo tutakayopitisha yatawahusu na wasiokuja.

Kuhusu mwakani, tunatarajia kuzungumza na uongozi wa chuo ili michango ikatwe moja kwa moja kwenye mshahara. Wazo la shamba la zabibu bado lipo. Tukipata eneo zuri na hali ikiruhusu, tutalileta kwenu.

Likizo: ofisi ya chama itafungwa tarehe 24 Desemba na kufunguliwa Jumatatu, Januari 6. Mwenye msiba au mgonjwa katikati hapo ampigie katibu, siyo mimi, nitakuwa kijijini ambako mtandao ni wa kupanda kilima. Mvua zimeanza, kwa hiyo kabla ya kuondoka chomoeni kompyuta na funikeni mafaili, hasa wa vyumba vinavyovuja, mnajijua.

Makapu 19 bado yapo stoo. Mwisho wa kuchukua ni Jumatatu tarehe 23, saa tisa alasiri, na mje na kitambulisho. Anayemtuma mwenzake ampe barua iliyosainiwa, maana mwaka jana mtu mmoja aliondoka na matatu.