Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Gesi ya Ruvu na Diko Letu

Wazee wetu wa diko, hapa pwani tunapoteremshia samaki, manahodha, mama zetu wachuuzi na vijana wa mashamba ya chumvi, asalaam alaykum na Bwana asifiwe.

Hesabu atazisoma mhazini, nisimwingilie. Kwa kifupi, ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka jana, miche ya mikoko imeshika isipokuwa upande wa mashamba ya chumvi, na mashine ya barafu bado haijafika ingawa muuzaji alishachukua malipo ya awali. Kamati haijamwachia. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo mlilolitaka wenyewe: gesi.

Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa bonde la Ruvu lina gesi inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 2.17. Tangu siku hizo gari geni likipita tu Bagamoyo, tunaambiana uchorongaji wa visima umeanza. Gesi ya nchi nzima inakadiriwa kuzidi futi za ujazo trilioni 57, nyingi ikiwa bahari kuu, kwa hiyo hii ya kwetu ni ndogo. Lakini gesi ndogo iliyo karibu na bomba na mteja inaweza kulipa kuliko kubwa iliyo mbali, na sisi tuko jirani na viwanda vya Dar es Salaam na mitambo ya umeme ya Kinyerezi. Mimi naamini ipo siku watakuja.

Wakija, tusijidanganye kuhusu muda. Kiliwani Kaskazini, jirani na Songo Songo huko Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 2008 na ikaanza kuuzwa mwaka 2016, mtambo wa kuisafisha ulipokuwa umeshajengwa hapo hapo. Haikupita miaka mingi mgandamizo wa gesi kisimani ukaporomoka. Ajira nazo ni nyingi wakati wa ujenzi. Gesi ikishatoka wanabaki mafundi wachache na walinzi.

Wenye uzoefu mrefu wa visima vidogo kwenye delta ni Wanigeria. Mafuta yao ya kwanza ya biashara yaligunduliwa Oloibiri, delta ya mto Niger, mwaka 1956. Kampuni kubwa zilikuwa zikigundua mafuta, zikiona hayatoshi zinayaacha chini. Mwaka 2003 serikali yao ilitoa maeneo 24 ya namna hiyo kwa kampuni za wazawa, na mwaka 2020 ikatangaza mengine 57. Ogbele, katika jimbo la Rivers, walianza kutoa mafuta mwaka 2005, kisha wakajenga kiwanda kidogo cha kusafisha mapipa 1,000 kwa siku, wakauza dizeli palepale. Wengine walikaa na leseni miaka na miaka bila tone. Benki zilitaka riba kubwa, na bomba lilikuwa la mtu mwingine: ukipitisha mafuta yako humo, unakatwa ushuru, na yakiibwa njiani unabebeshwa fungu lako la hasara.

Sheria yao ya mwaka 2021 inaitaka kila kampuni itenge asilimia 3 ya gharama za uendeshaji za mwaka uliotangulia kwa ajili ya mfuko wa jamii inayoizunguka. Ni jambo zuri. Ila sheria hiyo hiyo inasema bomba likihujumiwa, gharama za matengenezo zinakatwa kwenye mfuko huo. Kwa maneno mengine, kijiji kizima kinamlipia mwizi ambaye pengine hata hakijui anakotoka. Hapo mimi sikubaliani nao.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni matope. Kule delta ya Niger walichimba mifereji kupitisha meli za kuchoronga. Maji chumvi yakapanda hadi kwenye vinamasi vya maji baridi, na matope yaliyotupwa kando yakaua mikoko. Hapa waliochimba matuta ya chumvi wanalijua hilo kwa macho: tope jeusi la mikokoni likikaa juani linageuka rangi ya kutu, linakuwa kali, na hata nyasi hazioti. Sasa fikirieni mfereji kwenye mlango wa Ruvu wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana. Kambamiti wanakulia humo humo, na mtambo wa maji wa Ruvu Chini unaonywesha Dar es Salaam uko upande wa juu wa mto huo huo.

Kwa hiyo kamati inaomba idhini yenu tuandikie halmashauri, NEMC (baraza la taifa la mazingira) na PURA (mamlaka inayosimamia utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi) kabla hajaonekana mwekezaji. Tunataka vifaa vipite barabarani, mifereji isichimbwe mikokoni. Maji ya chumvi yanayotoka na gesi yarudishwe ardhini badala ya mtoni. Na fedha za kufukia visima zitengwe tangu mwanzo, maana kampuni ndogo ikifilisika hutaiona tena. Tathmini ya athari kwa mazingira isomwe dikoni, kwa Kiswahili, jioni watu wakiwa wamerudi baharini. Ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni, huenda halmashauri. Madiwani wetu watuambie mapema diko litapata nini humo.

Wako wanachama wanaotaka tukatae kabisa, na wako wanaotaka tuanze kuomba zabuni za chakula cha wafanyakazi. Wote wana haki ya kusema leo. Tutapiga kura kwa kunyoosha mikono baada ya hesabu. Ambaye hajalipa ada amwone katibu kwanza.