Kriketi ya vijana ianzie wilayani kabla ya kuunda timu za mkoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu malezi ya vijana wanaocheza kriketi, hasa huku kusini, ambako wengi bado wanauona mchezo huu kuwa ni wa watu wa Dar es Salaam.

Timu yetu ya taifa ya vijana wenye umri chini ya miaka 19 ilipotwaa ubingwa wa mchujo wa Afrika mwaka 2025 na kufuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia, nilifurahi mno. Hata hivyo nilijiuliza mtoto wa Tandahimba au Liwale mwenye kipaji kama chao angepita wapi mpaka aonekane, na jibu sikulipata, kwa kuwa baina ya uwanja wa shule na timu ya taifa hapa kwetu hapana kituo cha kumpokea.

Uingereza, ambako kaunti (maeneo ya kiutawala mfano wa mikoa yetu) zenye timu za daraja la kwanza ni 18, kijana kwa kawaida haruki kutoka shuleni hadi kwenye kaunti. Katika kaunti nyingi zipo timu za wilaya au za kanda kwa kila umri, ambamo watoto wa klabu na shule mbalimbali hukusanywa, hufundishwa na kushindanishwa, na waliofanya vizuri ndio wanaopandishwa. Mfumo huo nao una kasoro zake, kwani tume huru iliyochunguza usawa katika kriketi ya Uingereza na Wales ilieleza mwezi Juni 2023 kwamba njia ya vipaji inawabeba zaidi waliosoma shule za kulipia, ikapendekeza kwamba vijana walioingia katika njia hiyo wasitozwe gharama yoyote. Sisi tunaoanza tuna nafasi ya kuliweka sharti hilo tangu siku ya kwanza.

Ninasisitiza ngazi ya wilaya kwa sababu kipaji cha kriketi hakionekani kwa mchujo wa siku moja. Shuleni kwetu yupo msichana wa kidato cha pili, mdogo wa umbo, ambaye hurusha mpira taratibu, lakini ukishadunda kwenye udongo mwekundu hugeukia upande ambao mpigaji hakuutazamia, naye mpigaji akabaki anapiga hewa. Mpira wenyewe ni wa tenisi uliozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na wiketi, yaani shabaha inayosimamishwa nyuma ya mpigaji, ni fito tatu. Mtu akija kuwachuja watoto kwa kumpa kila mmoja ova moja, yaani mipira sita ya kurusha, atawachukua warefu wenye nguvu, waliowatangulia wenzao kukua, na msichana huyu atarudi nyumbani. Kocha wa wilaya atakayemwona wiki baada ya wiki, huku mikimbio (pointi za wapigaji) na wiketi (wapigaji waliotolewa) zikiandikwa daftarini, hawezi kumkosa.

Mpangilio wa kuiga tunao. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, ambazo Mtwara iliziandaa mwaka 2021, huwachuja wanafunzi kwa kupanda kutoka shuleni, wilayani na mkoani hadi taifani. Kwa kriketi ninapendekeza kila wilaya ipate kituo kimoja chenye kiwanja cha zege kilichotandikwa mkeka, vifaa vya pamoja, na walimu waliofunzwa. Mtoto wa Nanyumbu hawezi kusafiri zaidi ya kilomita 200 kila mara kuja mazoezini Mtwara mjini, na mzazi anayesubiri malipo ya korosho asidaiwe nauli. Msimu unaofaa ni Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika na watoto hawajaanza kuhitajika mashambani kuokota korosho. (Wanaopanga mashindano kutoka mbali hulisahau sana jambo hili.)

Ninakiomba Chama cha Kriketi Tanzania kikae na maofisa michezo wa halmashauri za Mtwara na Lindi, kichague wilaya mbili za kuanzia kiangazi kijacho, wavulana na wasichana kwa pamoja, na halmashauri zitenge sehemu ndogo ya ushuru wa korosho kwa kazi hiyo. Walimu wa kusimamia mazoezi jioni tupo.

Mwalimu wa michezo,
Masasi, Mtwara