Tumbo lililokazwa kwa operesheni halikandwi maji moto

Mheshimiwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na kina mama wa Unguja na Pemba, na zaidi na wale watakaowauguza, juu ya operesheni ya kukaza tumbo. Siku hizi inatangazwa kila pembe ya mitandao. Wako wanaovuka kwenda Dar es Salaam, wako wanaofika India na Uturuki. Picha za kabla na baada kila mtu anaziona. Wiki sita za katikati hazionyeshwi, nazo hupita nyumbani, mikononi mwa mama, mavyaa na wifi ambao uuguzi wanaoujua vizuri ni wa mzazi aliyetoka kujifungua. Mzazi hukandwa maji moto, hufungwa tumbo kwa kitambaa cha mkaja, hulazwa ndani. Aliyekazwa tumbo akifanyiwa hayo hayo, kwa mapenzi yale yale, anaweza kuungua asihisi, ngozi ikafa, au damu ikaganda miguuni.

Sababu iko katika namna operesheni yenyewe inavyofanywa. Mgonjwa hupewa nusu kaputi. Daktari hupasua chini ya tumbo, juu kidogo ya kinena, kutoka nyonga moja hadi ya pili. Huibandua ngozi pamoja na mafuta yake juu ya misuli, akapanda mpaka karibu na mbavu. Kitovu hakitolewi: huchongwa duara pembezoni mwake kikabaki kwenye shina lake. Misuli miwili ya wima, ambayo mimba iliitenganisha, hushonwa ikutane tena katikati. Kisha ngozi huvutwa chini, iliyozidi hukatwa, na tundu jipya hutobolewa ili kitovu kitokeze. Kazi hiyo huchukua baina ya saa 2 na 4. Kovu la kujifungua kwa operesheni, likiwa la chini, mara nyingi huondoka pamoja na ngozi iliyokatwa, na michirizi ya chini ya kitovu pia. Michirizi ya juu haiondoki, huteremka tu.

Ngozi ikibanduliwa hivyo, mishipa ya fahamu hukatika na mishipa mingi ya damu hukatika nayo. Sehemu iliyo baina ya kitovu kipya na mshono ndiyo iliyo mbali zaidi na chanzo cha damu, na ndiyo inayokufa ganzi kwa miezi, pengine mwaka, na kwa baadhi ya watu hisia hazirudi zote. Kitambaa cha kukandia ambacho mzazi angekiruka, huyu hakisikii. Atayaona malengelenge jioni anapofungua mkanda. Chupa ya maji moto ni vivyo hivyo. Na mkono unaosugua, hata kwa mafuta, huitenga ngozi na misuli wakati ndiyo kwanza inashikana, maji yakapata pa kujaa. Basi mpaka hisia zirudi, tumbo lioshwe kwa maji ya uvuguvugu tu, na ayajaribu mtu mwingine kwa kifundo cha mkono. Liwa, karafuu na mafuta ya nazi visikaribie mshono hadi ufunge kabisa na daktari aseme.

Mkaja nao una shida yake. Mkanda wa hospitali hubana sawasawa kutoka chini ya maziwa hadi nyonga. Mkaja huvutwa, ukafungwa fundo, na pindo lake likakaa mstari mmoja wa kukata, mara nyingi pale pale penye damu kidogo. Ukizidi kubana, shinikizo hupanda ndani ya tumbo na damu ya miguuni ikachelewa kurudi. Kiganja kilicholala bapa kipite chini ya mkanda bila ya kulazimishwa. Kwa kawaida huvaliwa usiku na mchana kwa wiki 6 hivi, ukivuliwa kwa kuoga tu. Kwa joto letu inafaa kununua miwili, mmoja ukifuliwa mwengine uvaliwe, na chini yake iwepo fulana ya pamba isiyo na mikunjo, kwa sababu kila mkunjo huacha alama kwenye ngozi isiyohisi.

Kulala ndani ndiko kunakotutia hofu kubwa kuliko yote. Operesheni hii ni miongoni mwa zile za kurekebisha maumbile zinazojulikana kwa hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ikang'oka na kupanda mapafuni. Mgonjwa anatakiwa asimame siku ile ile au kesho yake asubuhi, kisha atembee dakika chache kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho. Atatembea ameinama, na ndivyo inavyotakiwa: mshono haujazoea kuvutwa. Hujinyoosha polepole ndani ya wiki moja hadi mbili. Kitandani alale chali, mito miwili au mitatu mgongoni na mmoja chini ya magoti. Kuinuka, ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Akitaka kukohoa au kupiga chafya, akumbatie mto. Wengi hupewa sindano za kuzuia damu kuganda, na zikiandikwa za siku kadhaa zipigwe zote hata kama anajisikia mzima. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kikachoma, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Kuhusu mirija. Wagonjwa wengi hutoka na mrija mmoja au miwili inayoishia kwenye kichupa laini kinachonyonya majimaji, na watu wa nyumbani huiogopa kuliko mshono wenyewe. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua kizibo, mimina yote kwenye kikombe cha kupimia, andika mililita na saa, kila mrija kwa daftari lake. Kabla ya kurudisha kizibo, kibonyeze kichupa mpaka kilale, na ufunge kikiwa kimebonyezwa. Kikifungwa kimejaa hewa hakinyonyi. Kimwagwe kabla ya kufika nusu, kwani nguvu ya kunyonya hupungua kinavyojaa. Kibanwe kwa pini kwenye nguo, chini ya usawa wa kidonda, kisining'inie. Siku za mwanzo hutoka wekundu, kisha waridi, kisha umanjano wa majimaji. Mrija hutolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24, na madaktari wengine hutaka siku mbili mfululizo. Ikitoka damu mbichi kwa kasi, au upande mmoja wa tumbo ukavimba na kukaza ghafla, ni damu inayovujia ndani, arudi hospitali saa ile ile. Majimaji yakikatika ghafla siku za mwanzo, huenda mrija umezibwa na kidonge cha damu iliyoganda.

Baada ya mirija kutolewa, tatizo linaloongoza ni maji kujaa chini ya ngozi. Ukigusa upande mmoja, yanatikisika upande wa pili kama maji ndani ya mfuko wa plastiki. Dawa yake ni daktari kuyanyonya kwa sindano safi, pengine zaidi ya mara moja. Asiyatoboe mtu nyumbani. Ngozi iliyo juu ya mshono ikigeuka zambarau kisha nyeusi, hiyo imekosa damu, na wavutaji sigara na shisha ndio hupatwa zaidi. Ndiyo maana huambiwa waache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Homa ya kufika 38, usaha, harufu, au wekundu unaotambaa, ni uambukizo.

Kazi za nyumbani zinahitaji kupangwa mapema, si siku ya kurudi. Kwa wiki 6 asinyanyue kitu kizito kupita kilo 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto wa mwaka mmoja anakaribia 10. Mama akae kitini, mtoto apandishwe na mtu mwingine akae ubavuni kwake. Mbuzi ya nazi inamkunja mtu kiuno na kumtaka asukume kwa tumbo, basi ikaliwe na mwingine. Choo cha kuchutama hakifai wiki za mwanzo, kitafutwe kiti cha chooni chenye tundu. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua huvuta nyuzi za misuli, kwa hiyo papai, uji, mboga na maji mengi tangu siku ya kwanza. Sala iwe ya kiti, na suala la udhu na bandeji aulizwe shekhe kabla ya safari. Asipange operesheni karibu na Ramadhani: kidonda kinataka maji na protini mchana kutwa. Kazi ya ofisini hurudiwa baada ya wiki 2 au 3, kazi ya nguvu wiki 6 au zaidi. Kuogelea baharini kungoje mshono ufunge kote.

Kabla ya yote hayo, ajue kama operesheni hii ndiyo anayoihitaji. Haipunguzi uzito. Anayelala chali na tumbo likabaki juu, gumu, mafuta yake yako ndani baina ya matumbo, na huko kisu cha ngozi hakifiki. Tumbo kubwa laweza pia kuwa fibroidi, uvimbe wa mfuko wa mayai au ngiri, basi altrasaundi itangulie. Madaktari wengi hupendelea uzito uwe umetulia kwa miezi 6; kwa mwenye kimo cha mita 1.60 hutaka awe chini ya kilo 77 hivi. Anayetaka kuzaa tena asubiri, mimba itaivuta tena misuli ileile. Aliyejifungua karibuni naye angoje, maana misuli huendelea kurudi yenyewe kwa miezi, na mazoezi huisaidia. Amwambie daktari kila kovu alilonalo, hasa la chini ya mbavu, kwa sababu lilishakata njia ya damu. Ataje sukari, presha, selimundu, makovu yanayovimba, vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini, na hata vidonge vya kitunguu thomu na dawa za miti shamba, maana baadhi huzidisha kutoka damu. Asiache dawa ya hospitali kwa uamuzi wake.

Kisha safari ya kurudi. Ndege isipandwe kabla ya siku 10 tangu operesheni, na anayetoka mbali aombe kauli ya daktari wake kwa maandishi. Kwa Dar es Salaam tunashauri mgonjwa abaki huko mpaka mirija itolewe na mshono ukaguliwe. Bahari ya kusi ikichafuka, kutapika njiani kwa misuli iliyoshonwa ni mateso na ni hatari. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya boti kung'oa nanga, akae katikati ya boti, ainuke kunyoosha miguu bahari ikiruhusu, na mizigo yote, hata mkoba, ibebwe na wengine. Anayeendelea Pemba apumzike Unguja kwanza.

Na asirudi mikono mitupu. Muuguzi wa Wete au Micheweni atakayempokea usiku na homa hana namna ya kujua alifanyiwa nini. Awe na karatasi iliyoandikwa: tarehe ya operesheni, kama misuli ilishonwa, kama mafuta yalinyonywa pia, mirija mingapi na ilitolewa lini, sindano ya mwisho ya kuzuia damu kuganda ilipigwa siku gani, dawa zinazomdhuru, na simu ya daktari aliyempasua. Tunaziomba hospitali zinazowapasua watu wetu ziiandike karatasi hiyo kwa Kiswahili, na ndani yake zitaje kwa majina kukanda na mkaja, ili mama mzee anayeshika sufuria ya maji moto asomewe kabla hajaitenga.

Ni sisi,
Wauguzi wa wodi ya upasuaji,
Unguja.