Acheni kufundisha watu kuzima DFS

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu hizi video zinazofundisha watu kuzima DFS kwenye rauta (kile kipengele kinachosikiliza rada na kuihamisha rauta chaneli ikiisikia), au kubadilisha nchi kwenye setingi ili rauta iache kuhamahama chaneli, eti ndo siri ya waifai yenye spidi. Jamani hiyo sio siri, ni kuvunja makubaliano yaliyotufanya tupewe hayo masafa.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya gigahezi 5, masafa ambayo waifai inatumia, sio yetu peke yetu. Rada zilikuwemo kabla yetu, za kijeshi, za meli, za hali ya hewa, na kwenye mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Geneva 2003 waifai ikaruhusiwa kuingia humo kwa masharti. Rauta isikilize kwanza dakika 1 kama kuna rada (Ulaya, kwenye chaneli za rada za mvua, ni dakika 10), na ikiisikia katikati ya kazi ihame ndani ya sekunde 10, isirudi pale kwa nusu saa.

Sasa mtu anauliza, karauta kadogo vile kataisumbuaje rada kubwa? Rada inarusha mawimbi makali kweli, lakini inachongojea ni mwangwi wa matone ya mvua, na huo ukirudi unakuwa hafifu mno, kwa hiyo kipokezi chake kinasikia hata kitu kidogo kabisa, alafu wewe unafunga rauta juu ya paa na antena ya kurusha mbali, DFS umezima, unakaa chaneli 120, 124 au 128, ambazo ndo humohumo zinamofanya kazi rada nyingi za mvua. Kwenye picha ya rada unatokea mstari mrefu toka katikati mpaka pembeni, umeelekea kwako, na mvua iliyo kwenye huo mstari mtabiri haisomi sawasawa. San Juan, Puerto Rico, mwaka 2009, rada iliyoingiliwa hivi ni ile ya kuangalia upepo wa ghafla karibu na uwanja wa ndege. Ndege zinatua pale!

Nakubali DFS inakera. Kuna rauta zinasikia rada ambayo haipo, intaneti inakatika watu wako kwenye kikao, na hapo watengenezaji wana kazi ya kufanya. Lakini mbona chaneli 36 mpaka 48 zipo na hazidai DFS? Hamia huko, zikijaa punguza upana wa chaneli.

Ninachoomba, wenye hizo video waziondoe, na watengenezaji wafunge setingi ya nchi mtumiaji asiichezee. Marekani ilishaifungulia waifai megahezi 1200 kwenye gigahezi 6 mwaka 2020, nako kuna wenyeji waliotangulia, na rauta za nje zenye nguvu lazima ziulize kwanza kwenye kanzidata kama masafa yako wazi kabla ya kurusha. Nchi ambazo bado zinajiuliza kama zifungue zitaangalia sisi wa gigahezi 5 tumekaaje na rada.

Msomaji wako, fundi wa mitandao