Barua ya wazi kwa mpwa wangu kuhusu Land Rover ya babu yako

Mpwa wangu mpendwa,

Habari za huko Dodoma? Sisi huku Tanga hatujambo, na mama yako anakusalimu. Nimeupata ujumbe wako wa kutaka Land Rover 109 ya marehemu babu yako iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nakujibu hadharani kwa sababu kuanzia Ngamiani hadi Pongwe zipo nyumba nyingi zenye gari kuukuu lililosimama uani, na wenyewe wanavutana kama mnavyovutana wewe na ndugu zako. Msimamo wangu ni kwamba gari lisiuzwe, tulitengeneze wenyewe hapa nyumbani. Hata hivyo nataka ukubali ukiwa unajua utakayokutana nayo, kwani usumbufu wake ni mkubwa na haupo pale unapoudhania.

Unachohofia wewe ni injini. Injini ile ya petroli, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, haininyimi usingizi hata kidogo. Ikipata petroli, hewa na cheche kwa wakati wake, itawaka, na kila kimoja kati ya hivyo unaweza kukichunguza kwa macho yako. Fungua kifuniko cha distributa, kile kinachogawa cheche kwenye plagi, uone platini, yaani vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke: kwa gari lililokaa muda mrefu, nyuso zake huwa zimepauka na kuingia vishimo vidogo. Unazipitisha msasa laini, unazifuta kwa kitambaa safi, unaizungusha injini taratibu kwa hendeli mpaka platini ziachane kabisa, kisha unapitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, cha milimita 0.38 katikati yake. Geji ipite huku ikikwaruza kidogo. Ikipita bila kugusa, nafasi imezidi. Ukimaliza, hakikisha waya za plagi zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2, maana ukizipishanisha utapiga stata mpaka betri iishe.

Adui wetu ni kutu, mpwa wangu. Magari haya yalipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgawo baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Bodi ya alumini haishiki kutu, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: wanaona mlango na madigadi ni mazima, wanadhani gari lote ni zima. Chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni ya chuma, tena ni mabomba ya mraba yaliyo wazi ndani, na tope la barabara ya Pangani huingia humo likakaa pamoja na unyevu wa chumvi unaoletwa na upepo wa bahari. Chuma huliwa kuanzia ndani, na kwa nje rangi inabaki imetulia. Ndiyo sababu ninakwenda na nyundo ndogo, nikigonga chasisi kipande kwa kipande. Penye uzima chuma hulia kwa sauti kali. Penye uozo sauti inafifia, na pengine nyundo inazama. Zingatia zaidi boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka ubavuni kushikilia bodi, na sakafu ya miguuni mwa dereva. Palipokutana alumini na chuma utakuta unga mweupe, ishara kwamba alumini yenyewe imeanza kuliwa.

Mtu anapoanza kwa kupaka rangi, naumia. Rangi mpya juu ya chasisi iliyooza inamhadaa abiria, na abiria wa gari hilo watakuwa watoto wako. Kabla fundi wa kuchomelea hajawasha mashine yake, tanki la petroli lishushwe na betri ifunguliwe. Hilo sitakubali lirukwe hata kama fundi ana haraka.

Kuhusu spana, usije na za milimita peke yake. Boliti nyingi za gari hili ni za inchi. Spana namba 13 huingia kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7, nayo nafasi hiyo ndogo inatosha kukiviringisha kichwa hasa boliti ikiwa imeshikwa na kutu. Hapo asubuhi nzima itapotea kwa kumimina mafuta, kusubiri, kuipasha moto na kusubiri tena. Spea nazo zina uchungu wake. Duka moja lilituuzia mipira ya silinda za breki iliyokaribia tu kipimo, na mpira wa breki uliokaribia kipimo haufai kitu. Sasa tunaagiza mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au tunamtuma mtu anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa, na tunalinganisha cha zamani na kipya kabla ya kufunga.

Breki za mbele tumezimaliza. Kila gurudumu la mbele lina silinda mbili za breki, na kutoa upepo ulionasa kwenye mafuta ya breki kunataka watu wawili wanaosikilizana. Binti yangu, yule wa kidato cha tatu, ndiye aliyekaa kwenye usukani. Mimi nikiwa chini nilikuwa nasema "kanyaga", naye anajibu "nimekanyaga, baba", nafungua nati, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga, naye anaachia. Tulirudia mpaka akasema mwenyewe, kabla sijamuuliza, kwamba pedeli imekuwa ngumu na imepanda juu. Alikuwa ameelewa kwa mguu wake jambo ambalo ningelieleza kwa maneno mengi asilielewe. Siku hizi vijana wa jirani wakibishana kuhusu breki, yeye ndiye anayewaeleza. Bei ya vyuma chakavu uliyonitajia haiwezi kunilipa hayo.

Kwa hiyo naomba uzungumze na ndugu zako, kisha unijibu mapema, kwa sababu nataka boriti ya nyuma ichomelewe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Mkikubali, njoo na seti ya spana za inchi, kuanzia 7/16 hadi 3/4, pamoja na ovaroli yako. Kadi ya gari anayo mama yako.

Ni mimi mjomba wako,
Tanga