Mbaraka, ulikuwa na haki ya kunicheka

Ndugu yangu Mbaraka,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote ulio nao. Mimi sijambo, na kimya changu cha miezi miwili hakikutokana na maradhi wala kinyongo, bali na aibu. Uliniuliza kama uondoe Windows 10 katika laptopu yako na kuweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa Microsoft ilikoma kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine yako haitimizi masharti ya Windows 11. Kabla sijakujibu, Linux yangu mwenyewe, ile niliyokusifia mpaka ukachoka, ikanifungia nje. Ningekuandikia nini?

Ilikuwa hivi. Naandika nenosiri, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha ukurasa uleule wa kuingilia unarudi kana kwamba sikugusa kitu. Nikikosea makusudi, inaniambia nimekosea; nikiandika lililo sahihi, haisemi lolote, inanirudisha mlangoni tu. Nilirudia karibu mara ishirini, za mwisho nikibonyeza vitufe polepole, kama anayembembeleza punda. Hamisi hakunisikiliza hata dakika moja: nifute kila kitu, niweke toleo jingine. Zuhura naye akasema hayo ndiyo malipo ya kukataa vitu vinavyotumiwa na watu wenye akili zao. Wote wawili walifika na hukumu bila kuuliza hata swali moja, nami nikaona haya, kwa sababu sauti ile niliifahamu. Ni yangu. Ndiyo niliyokupigia kelele kwayo mwaka 2024 tulipobishana kuhusu Starliner, chombo cha Boeing cha kupeleka watu angani.

Hujasahau, najua. Chombo kilirushwa tarehe 5 Juni kikiwa na Butch Wilmore na Suni Williams, kwa safari ya siku nane hivi. Heliamu ikavuja, na injini ndogo tano kati ya 28 za kukielekezea zikazima kilipokaribia kituo cha anga. Nikatangaza siku ileile kwamba Boeing imesahau kuunda vitu. Wewe ukanieleza kwa upole kwamba wahandisi walikuwa wakiijaribu injini ya aina hiyo ardhini, ambako walikuja kuona kipande kidogo cha Tefloni kikivimba kwa joto na kubana njia ya mafuta, nami nikakukatiza. Sikukosea kwa yote: Wilmore na Williams walirudi kwa chombo cha SpaceX tarehe 18 Machi 2025. Hata hivyo, Starliner yenyewe ilikuwa imetua salama mwezi Septemba 2024 bila mtu ndani, jambo ambalo sikuwahi kukutajia.

Kilichoniokoa usiku ule ni Spirit. Roboti ile ilitua Mirihi mwezi Januari 2004, na kabla wiki tatu hazijatimia ikaacha kujibu ipasavyo. Ilikuwa ikijiwasha upya tena na tena, zaidi ya mara 60, usiku hailali na betri inaisha. Faili zilikuwa zimerundikana kupita kiasi, nyingine zikiwa zimebaki tangu safarini, na kila kompyuta ilipoamka na kujaribu kuifungua hifadhi yake, kumbukumbu haikutosha, ikaanguka, ikaanza upya. Wahandisi waliiagiza iwake bila kuigusa hifadhi hiyo, kisha wakafuta faili zisizohitajika. Ikaendelea kuzungumza nao hadi Machi 2010, ingawa ilikusudiwa kufanya kazi siku 90 za Mirihi. (Hamisi asikudanganye kwamba hiyo ilikuwa Linux. Spirit ilitumia mfumo mwingine, VxWorks. Linux ilikuwa katika Ingenuity, helikopta ndogo ya Mirihi iliyopangiwa safari tano ikaruka 72.)

Basi nikajiuliza: kama mlango wa picha haufunguki, je, mlango wa maandishi? Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ikaja skrini nyeusi yenye herufi nyeupe, ikalipokea nenosiri langu mara ya kwanza. Nikaandika df -h, amri ya kuuliza nafasi iliyobaki, nayo ikanionyesha diski imejaa asilimia 100. Nilipomtafuta mla nafasi nikamkuta katika folda ya kumbukumbu za matukio: faili moja ya gigabaiti 43, yenye mstari mmoja uliorudiwa kurasa kwa kurasa, kadi ya Wi-Fi ikitoa taarifa ya kosa ambalo, kwa maneno yake yenyewe, lilikuwa limekwisha kusahihishwa. Limesahihishwa, limesahihishwa, limesahihishwa, mpaka nyumba ikajaa! Nikaikausha faili ile, nikawasha upya, nikaingia. Kazi ya dakika kumi, baada ya siku tatu za kununa.

Hapo ndipo penye lalamiko langu, wala silifichi kwa kuwa naipenda Linux. Voyager 1, chombo cha anga kilicho umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, ilipoanza kutuma takataka mnamo Novemba 2023, wahandisi waliichokoa hadi ikawarudishia nakala ya kumbukumbu ya kompyuta iliyougua, nao wakabaini chipu iliyokufa na kuihamishia programu yake mahali pengine. Laptopu iliyo magotini pangu ilishindwa kutamka maneno mawili: diski imejaa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ila usiifute Windows kwanza. Weka Linux katika flashi, uiwashe laptopu kutoka humo, ukae nayo siku mbili tatu ukijaribu Wi-Fi, sauti na printa. Ikikuudhi, unachomoa flashi na hakuna kilichoguswa.

Sasa nijibu haya. Kadi yako ya Wi-Fi ni ya kampuni gani? Hifadhi yako ni gigabaiti ngapi, na imebaki nafasi kiasi gani? Zile picha za harusi ya Zuhura umezitolea nakala, au bado ziko mahali pamoja tu? Una diski ya nje, au nikuletee yangu? Na ile siku ya Starliner, nilipokukatiza, ulikuwa unataka kumalizia kusema nini?

Ndugu yako,
Sudi