Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ndege Zetu za Zamani na Kutua Wakati wa Baridi

Ndugu wanachama,

Katika mwaka tunaoufunga hakuna mwenzetu aliyeumia, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini ndege mbili za wanachama, Piper J-3 Cub moja na Cessna 140 moja, ziliharibika zikitua katika majira ya baridi hapa Minnesota. Uundaji wa J-3 ulikoma mwaka 1947, na wa 140 miaka michache baadaye, kwa hiyo kila moja inayovunjika ni pengo lisilozibika kwa urahisi. Hesabu za fedha mtazisikia kwa mhazini. Mimi nitazungumzia ajali.

Ya Cub ilitokea baada ya magurudumu kugusa chini. Ndege yenye gurudumu la mkia hubeba uzito wake mwingi nyuma ya magurudumu makuu, na mkia ukishaanza kwenda upande, uzito huo huusukuma uzidi kwenda. Siku hiyo gurudumu la kushoto lilikuwa kwenye lami iliyokwanguliwa theluji na la kulia juu ya barafu. Rubani alikuwa amevaa buti nene za theluji, na breki za Cub, kama mjuavyo, ni vipande vidogo vinavyokanyagwa kwa kisigino. Alipokusudia kusukuma pedali ya usukani wa mkia peke yake, buti lilibonyeza na breki, na ndege ikajizungusha hadi bawa likagusa ardhi na propela ikapiga lami. Propela ikishapiga hivyo injini haina budi kufunguliwa na kukaguliwa yote, na hapo ndipo gharama ilipo.

Ya Cessna ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu wengi waliilaumu theluji, ambayo haikuwa na hatia. Joto lilikuwa nyuzi 3 za Selsiasi, mawingu chini, hewa nzito ya unyevu. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, na hewa inapopita kwenye koo lake jembamba, joto la humo huweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 20, na unyevu ukaganda kuwa barafu inayoziba njia ya hewa. Hatari ni kubwa zaidi injini inapopunguzwa nguvu kwa ajili ya kushuka. Isitoshe, injini ndogo za Continental za zama hizo, kama ya Cessna hiyo, zina kabureta lisilopata joto la oili, tofauti na injini nyingi za Lycoming ambazo kabureta lake limefungwa kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Mwenzetu hakufungua hewa ya moto, ile inayoelekezwa kwenye kabureta ili barafu isigande; alipoona hataufikia uwanja akaongeza nguvu, injini ikakohoa tu, naye akatua shambani, ambamo magurudumu yalizama kwenye theluji na ndege ikapinduka chali.

Siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo sote tunaiogopa, mara nyingi ni salama zaidi kwa kabureta, maana hewa yake ni kavu. Waliojifunzia urubani Nairobi wangepaswa kulijua hili kuliko wenyeji wetu: asubuhi ya Julai yenye mawingu pale uwanja wa ndege wa Wilson, pasipo hata chembe ya theluji, inatosha kabisa kuleta barafu hiyo.

Kuhusu sakitu kwenye mabawa sitarefusha. Ukiiona, ifute yote, hata ikiwa nyembamba, kwani uso wake wenye kukwaruza huyafanya mabawa yashindwe kuibeba ndege katika kasi ambayo kwa kawaida ingetosha.

Kamati imeamua kwamba, kuanzia sasa, anayeazima ndege ya chama atafungua hewa ya moto kabla ya kupunguza nguvu na kuiacha wazi hadi atakapotua, na atavaa viatu vya soli nyembamba; buti zibebwe nyuma ya kiti. Mazoezi ya kutua kwa skii pamoja na mwalimu yatafanyika Januari, barafu ya ziwa ikishapimwa unene. Mnaotaka kushiriki mwandikieni katibu kabla ya mwisho wa Novemba, mkitaja aina ya ndege na saa mlizorusha ndege yenye gurudumu la mkia.